Kidevu Sakafuni

Tulimleta Pjut ndani ya sanduku la viazi,
Februari, mfereji wa Franeker umeganda hadi darajani.
Miezi minne umri wake, masikio yamemzidi
kama mtoto aliyevishwa koti la kaka yake.

Jeltje akasema: Usimtoe. Mwenye nyumba bado hajui.

Mwenye nyumba ni Hiske,
sungura jike wa miaka mitano, rangi ya majivu yaliyopoa,
aliyefiwa na mwenzake Oktoba
na tangu hapo anakula uso kaugeuzia ukuta.
Nilijaribu kumsomea gazeti.
Alitafuna ukurasa wa michezo.

Daktari alikwisha kumhasi kijana,
lakini akatuonya: damu yake haijapata habari.
Wiki sita. Msiwakutanishe kabla.
Basi wiki sita nyumba ikawa na mpaka:
Pjut stoo, pamoja na baiskeli na makopo ya rangi,
Hiske sebuleni kwake,
na mlangoni nyavu mbili, na kati ya nyavu
shibiri moja ya hewa isiyo ya mtu.

Tukawapelekea harufu zao kama tarishi wa barua.
Kitambaa cha huyu kule, nyasi za yule huku.
Siku ya kwanza Hiske alikikojolea kitambaa.
Ya pili, vilevile.
Siku ya tisa alikilalia.
Nikamwita Jeltje aje kuona; alipofika
Hiske alishainuka, anajilamba mguu
kama shahidi anayekanusha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Hiske hakuwa amesikia.

(Mimi nami niliingia nyumba hii na masanduku mawili,
miaka kumi na mmoja imepita,
picha ya Wopke ikiwa ukutani juu ya redio.
Iko pale pale. Huipangusa vumbi mimi.)

Tulichagua bafuni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishi bafuni.
Jeltje alisugua vigae kwa siki mpaka macho yakatutoka machozi,
akavaa glavu za bustani.
Mimi nilikalia kifuniko cha choo, sinia mkononi,
hakimu wa mchezo asiojua sheria zake.

Pjut aliingia akirukaruka. Bwana harusi!
Akamwendea moja kwa moja, akampanda
upande wa kichwa.
Hiske akageuka mara moja tu.
Manyoya yakapaa, yakatua taratibu kwenye sabuni.
Sinia likashuka katikati, likalia ngaa!
Mtoto akajibanza nyuma ya ndoo, mbavu zinakwenda mbio,
na Jeltje akasema, Yatosha kwa leo,
kwa sauti niliyoifahamu.

Kesho yake dakika kumi. Keshokutwa ishirini.
Mwisho Pjut akajifunza, sijui kwa nani,
kuteleza polepole kwa tumbo
na kuweka kidevu sakafuni mbele yake:
nilambe.
Hiske naye akaweka kidevu sakafuni:
nilambe wewe.
Wakakaa hivyo, paji kwa paji,
wadai wawili, hakuna mdaiwa.
Bomba lilidondosha tone. Goti langu likafa ganzi.
Nje mtu alikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaondoka.
Hawakuinua vichwa.

Kisha ulimi,
mara mbili juu ya sikio lile kubwa,
halafu meno, kidogo, ili asizoee.

Usiku huo hatukuwatenganisha.
Nililala kwenye godoro la wageni, mlango wa bafu wazi,
nikisikiliza, nikihesabu kila kishindo cha mguu,
na Jeltje akaja saa nane na blanketi la pili,
hakusema kitu, akabaki.

Kulipokucha Hiske alikuwa anakula,
uso kaugeuzia ukuta.
Kando yake, manyoya yamegusana,
Pjut anakula,
uso kaugeuzia ukuta.